Kilo Zilizoandikwa na Kilo Zinazovutwa: Kapi na Mpira katika Mazoezi ya Nyumbani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020 wasema kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 katika kila juma, na kwamba watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3. Kutembea na kukimbia, pamoja na manufaa yake yote kwa moyo na mapafu, hakutoshi kulitimiza agizo hili, kwa kuwa msuli huimarika pale unapolazimishwa kushindana na kani inayoukinza. Mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri hana haja ya kuambiwa habari hii. Lakini karani, fundi cherehani, mwalimu asahihishaye madaftari na mwanafunzi aketiye darasani kutwa wanahitaji kitu cha kuwakinza, na wengi wao hukitafuta dukani.

Huko dukani watakuta aina mbili za vyombo vinavyofaa kuwekwa nyumbani. Aina ya kwanza ni mashine ya kapi: kamba ya nailoni au ya waya wa chuma uliosokotwa hupita katika kapi moja au zaidi, upande mmoja ukiwa na mkono wa kushikia na upande wa pili ukiwa na vyuma vya uzito. Aina ya pili ni mkanda wa mpira, ambao hufungwa mlangoni au hukanyagwa kwa miguu, kisha ukavutwa. Mashine ni ghali, nzito, nayo hutaka ukuta imara. Mkanda wa mpira huingia mfukoni. Hata hivyo vyote viwili huuzwa kwa lugha moja, yaani lugha ya kilo.

Mwalimu mmoja wa michezo katika shule ya bweni ya wasichana aliniuliza swali linalostahili jibu refu kuliko nililompa siku ile. Alikuwa na fedha kidogo zilizochangwa na wazazi kwa ajili ya timu ya mchezo wa pete. Alionyeshwa mkanda ulioandikwa kilo 20, na mashine yenye vyuma vya kilo 20, na bei zake hazikukaribiana hata kidogo. Je, kilo hizi si zile zile? Jibu ni kwamba sizo. Na zaidi ya hayo, huenda hakuna hata moja kati ya tarakimu hizo mbili ambayo ndiyo kani itakayokutana na mkono wa mchezaji. Makala haya yanaeleza kwa nini, na jinsi gani kila mtu aweza kujipimia mwenyewe kwa vifaa vya nyumbani.

(Mwanafizikia atakereka kuona kilo ikitumiwa kuwa kipimo cha kani. Kilo hupima tungamo, na kani hupimwa kwa niutoni. Lakini kwa kuwa tunazungumza habari za dukani, nitafuata lugha ya dukani: nikisema kani ya kilo 10, maana yake ni takriban niutoni 98.)

Uzito upitao katika kapi

Tuanze na kapi, kwa kuwa tabia yake ni nyepesi kueleweka. Watu wa pwani wanaijua tangu kale, kwani mabaharia wa majahazi hutweka tanga kwa kamba zipitazo katika kapi. Watu wa bara wameiona kisimani. Kapi moja iliyofungwa mahali pamoja haipunguzi kani hata chembe. Kazi yake ni kugeuza mwelekeo tu. Manufaa haya si madogo, maana uzito daima huelekea chini, hali misuli yetu husukuma na kuvuta kila upande. Mtu aliyesimama wima akishika chuma mkononi hawezi kukitumia kuufunza mgongo wake kuvuta kwa mlalo. Chuma hicho hicho kikifungwa kwenye kamba na kamba ikapitishwa katika kapi iliyo usawa wa kifua, ataweza.

Mashine nyingi za nyumbani huwa pia na kapi ya pili, ambayo husafiri pamoja na mzigo. Hapo mzigo huning'inia kwenye sehemu mbili za kamba, na kila sehemu hubeba nusu. Chuma cha kilo 20 kitauvuta mkono kwa kani ya kilo 10 tu, na mkono utasafiri mita 1 wakati chuma kimepanda nusu mita. Kazi iliyofanyika ni ile ile, kwa hiyo hapana udanganyifu wowote wa kifizikia. Udanganyifu, ukiwapo, ni wa muuzaji aliyenyamaza. Jaribio la kuligundua jambo hili halitaki hata kipimo cha uzito. Vuta mkono wa kushikia hadi itoke mita 1 ya kamba, kisha mwenzako apime vyuma vimepanda kiasi gani. Vikipanda mita 1, kilo zilizoandikwa ndizo; vikipanda nusu mita, gawanya kwa mbili.

Kapi isafiriyo ina faida nyingine ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaweza kuithibitisha wenyewe kwa kanuni ya pili ya Newton. Tuseme mtu anavuta kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Akiwa na chuma cha kilo 10 kwenye kapi iliyofungwa, mkono utahitaji niutoni 98 za uzito na niutoni 20 za mchapuko, jumla 118. Akiwa na chuma cha kilo 20 kwenye kapi isafiriyo, chuma hupata nusu ya mchapuko ule, na nusu ya kani yake ndiyo hufika mkononi. Jumla ni niutoni 108 tu. Ndiyo maana mashine ya namna hii huonekana tulivu hata mchezaji akivuta kwa kasi, na inafaa kwa kurusha, kupiga na kuzungusha kiwiliwili. Lakini mtu avutaye kwa pupa kwenye kapi iliyofungwa hurusha chuma juu, na kwa nusu ya safari mkono wake haufanyi kazi yoyote. Chuma chajiendea chenyewe.

Limebaki suala la msuguano. Tuseme kila kapi inapoteza sehemu 5 katika 100, na kamba inapita katika kapi 4. Ili kuinua chuma cha kilo 20 mkono utavuta kama kilo 24, na wakati wa kukishusha utahisi kama kilo 16 na nusu. Hasara hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kushusha mzigo polepole ni sehemu ya zoezi yenye thamani sawa na kuinua. Kapi yenye gololi ndani yake na kipenyo kikubwa hupunguza hasara hiyo. Kapi ndogo ya plastiki inayozunguka juu ya msumari huiongeza. Ukiwa dukani, inua chuma kidogo kuliko vyote na ukiachie polepole. Kikikwama kabla ya kufika chini, jihadhari.

Tabia ya mpira

Neno mpira katika Kiswahili limebeba mambo mengi: mmea, utomvu wake ulioganda, na mchezo unaojaza viwanja vyetu. Nchini Tanzania mti wa mpira unalimwa hadi leo Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro. Lakini utomvu mbichi ukigandishwa hautoi mkanda wa maana. Huwa laini na kunata wakati wa joto, mgumu wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba utomvu huo ukipikwa pamoja na salfa hupata umbo la kudumu, kwa kuwa salfa hufunga vifundo kati ya molekuli moja na nyingine. Kabla ya karne ile kwisha, kamba za mpira zilikuwa zimeingia katika vyombo vya mazoezi. Eugen Sandow, pahalwani maarufu aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, aliuza chombo cha namna hiyo kwa jina lake, na mpaka sasa Wafaransa huiita kamba ya mpira ya kufungia mizigo «sandow».

Molekuli ya mpira ni uzi mrefu wenye maelfu ya atomi za kaboni. Uzi huo haukai umenyooka, bali hujikunja ovyo kama kamba iliyotupwa sakafuni, nao hutikisika daima kwa sababu ya joto. Unapovuta mpira huzirefushi atomi zenyewe. Unazinyoosha nyuzi zilizokunjamana, nao mtikisiko wa joto huzirudisha katika mkunjamano wake. Kwa hiyo mpira huvuta kwa sababu tofauti kabisa na ile ya springi ya chuma. Mwingereza John Gough, aliyepofuka tangu utotoni na ambaye alikuwa mwalimu wa John Dalton, alieleza mwaka 1805 jambo aliloligundua kwa midomo yake: mpira ukivutwa kwa ghafla hupata joto, na ukilegezwa hupoa. Mwanafunzi yeyote anaweza kulirudia jaribio hilo kwa kipande cha mpira mwembamba wa kufungia noti. Auguse mdomoni, auvute kwa haraka na kuugusa tena. Kisha angoje kidogo, aulegeze na kuugusa mara ya tatu.

Kwa springi, kanuni ya Hooke husema kwamba kani huongezeka sawasawa na urefu ulioongezeka. Mpira huifuata kanuni hiyo kwa mbali tu. Kani yake hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha kwa upole zaidi, na ukikaribia ukomo hupanda tena kwa ukali. Kwa sehemu ya mwanzo na ya kati, wanafizikia hutumia kanuni isemayo kwamba kani hulingana na L − 1/L², ambapo L ni urefu wa sasa uliogawanywa kwa urefu wa asili. Tuchukue mkanda wa sentimita 60 ambao ukivutwa hadi sentimita 120 hutoa kani ya kilo 10. Kwa kanuni hiyo, kwenye sentimita 75 utatoa kilo 3 na nusu. Kwenye 90, kilo 6. Kwenye 150, kilo 13 na kidogo. Na kwenye 180, kilo 16 na nusu.

Sasa tuulize: mkanda huu uandikwe kilo ngapi? Kiwanda kimoja kitauandika 10, kingine 16, nacho kingine kitauandika «kilo 3 hadi 16», na vyote vitakuwa vimesema kweli. Tarakimu isiyotaja urefu haina maana. Hata rangi haisaidii, kwa kuwa kila kiwanda hujichagulia mpangilio wake, na mkanda mwekundu wa huyu waweza kuwa mzito kuliko wa kijani wa yule.

Kuna njia ya kuufanya mpira ufanane zaidi na uzito, nayo haigharimu chochote zaidi ya urefu. Mkono ukivuta kwa sentimita 60 kutoka mkanda wa sentimita 60 uliolegea, kani huanza sifuri na kuishia kilo 10. Chukua badala yake mkanda wa mita 2.4 wenye unene ule ule, uuvute kwanza hadi mita 3.6 kwa kusimama mbali na mlango, kisha ndipo uanze zoezi. Sentimita 60 zile zile zitaipandisha kani kutoka kilo 6 hadi kilo 8 na kidogo tu. Kwa sababu hiyo nawashauri wanunuzi wachague mkanda mrefu badala ya mfupi kila inapowezekana, ingawa wauzaji hupenda kusifu unene.

Mpira pia haurudishi kazi yote uliyopewa. Sehemu fulani hupotea kuwa joto, na kiasi chake hutegemea aina ya mpira. Vijana watengenezao manati wanalijua jambo hili pasipo kulisoma. Mpira wa ndani wa magurudumu siku hizi hutengenezwa zaidi kwa mpira wa viwandani uitwao butili, unaozuia hewa vizuri sana lakini unaorudi kwa uvivu. Mpira wa asili hurudi kwa ukali na kulirusha jiwe mbali. Kwa mchezaji wa mazoezi uvivu huo si dhambi kubwa. Vipande vya mpira wa baiskeli, vikikatwa kwa unadhifu bila mikwaruzo ya pembeni, vinatosha kuanzia.

Mkono wa binadamu ni wenzo

Kani iliyo mkononi si kani iliyo ndani ya msuli. Msuli wa mbele wa mkono umejishika kwenye mfupa karibu sentimita 4 tu kutoka kiwiko, na kiganja kiko umbali wa kama sentimita 35. Mzigo wa kilo 10 kiganjani, mkono wa chini ukiwa mlalo, huutaka msuli uvute kwa karibu kilo 88, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Kiwiko kikiwa kimenyooka au kimekunjwa kabisa, mzigo wa chuma uliotundikwa mkononi huwa karibu na mstari wa egemeo, na kazi ya msuli hupungua. Kwa bahati njema, nguvu ya msuli huo nayo ni kubwa zaidi kiwiko kikiwa katika pembe inayokaribia nyuzi 90, hivyo chuma na mkono hupatana.

Mkanda uliokanyagwa kwa mguu haupatani nao hivyo. Kani yake ni kubwa kuliko zote mwishoni, kiwiko kikiwa kimekunjwa, pale ambapo msuli umefupika na kuishiwa nguvu. Mchezaji hukwama akiwa amebakiza robo ya safari, akadhani mkanda ni mzito mno, kumbe robo tatu za mwanzo zilikuwa nyepesi. Mambo hubadilika tukienda kwenye kusukuma kwa kifua au kuchuchumaa na kuinuka. Katika mienendo hiyo binadamu ni dhaifu chini na mwenye nguvu juu, viungo vikikaribia kunyooka, na mpira huongeza kani pale pale nguvu inapoongezeka. Kwa hiyo ukiniuliza ni kipi bora bila kutaja zoezi, sitakujibu. Kwa kuvuta na kukunja napenda kapi, ambayo mtu aweza kuihamisha juu au chini hadi kamba ielekee pembe itakiwayo. Kwa kusukuma na kuinuka mpira unatosha, na mara nyingine unazidi.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyolinganisha mazoezi ya mpira na yale ya vyuma na mashine, hayakuona tofauti ya maana katika nguvu walizopata washiriki. Msuli hautambui chanzo cha kani. Lakini una haja ya kani ya kutosha, na hapa mpira una ukomo wake, kama ilivyodhihirika mahali ambapo chuma hakina uzito kabisa.

Wanaanga wakaao katika Kituo cha Kimataifa cha Anga hupoteza madini ya mifupa ya nyonga kwa kiasi cha sehemu 1 hadi 1 na nusu katika 100 kila mwezi wasipofanya mazoezi ya kutosha. Vyuma vya mizani havifai kitu huko, maana vinaelea. Chombo cha kwanza cha mazoezi ya nguvu kilichotumika kituoni tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kilitumia vipande vya mpira vilivyofungwa ndani ya makopo, na kani yake haikuzidi takriban kilo 136. Yaonekana ni nyingi, lakini mtu achuchumaaye hapa duniani hubeba pia mwili wake mwenyewe, nao mwanaanga hana huo. Mifupa iliendelea kupungua. Mnamo Novemba 2008 kilipelekwa chombo kipya kitumiacho silinda zisizo na hewa badala ya mpira, chenye kani inayokaribia kuwa sawa mwanzo hadi mwisho na ukomo wa takriban kilo 272, na magurudumu mazito ya kuiga ukinzani wa chuma dhidi ya mwendo. Taarifa zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba wanaanga waliokitumia, wakila chakula cha kutosha, walihifadhi mifupa yao vizuri zaidi.

Jaribio la dumu

Sasa tufike kwenye kupima. Chukua dumu la lita 20 lenye kifuniko. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na dumu tupu la plastiki lina uzito wa kama kilo 1, ambao utauongeza. Tundika mkanda wako kwenye tawi au boriti imara, pima urefu wake ukiwa haujavutwa, kisha fungia dumu chini yake na uongeze maji lita 2 kwa 2. Kila mara andika urefu. Ukifika mwisho, punguza maji kwa hatua zile zile na uandike tena; utaona kwamba urefu wa kurudi haufanani na ule wa kwenda, na eneo lililo kati ya mistari miwili ya grafu ndiyo nishati iliyopotea kuwa joto. Darasa la kidato cha tatu litalimaliza jaribio hili katika vipindi viwili, na shule itabaki na kitu chenye thamani: grafu iliyobandikwa ukutani kando ya kila mkanda. Mchezaji atapima kwa futi kamba umbali wa kusimama, naye atajua kani yake.

Dumu hilo hilo laweza kuwa chuma chako. Kapi ya kisima, mita 4 za kamba ya nailoni, na dumu la maji vinatosha kutengeneza mashine ambayo uzito wake huongezwa kwa lita moja moja, jambo ambalo vyuma vya dukani haviwezi. Ukitaka mzigo mkubwa zaidi jaza mchanga mkavu, na dumu litakaribia kilo 30. Yule mwalimu wa mchezo wa pete hatimaye alinunua mikanda mirefu 6 na kapi 2, na fedha iliyobaki akanunulia mipira. Huo, kwa maoni yangu, ni uchaguzi mzuri kwa shule na kwa nyumba nyingi. Mashine kamili ya vyuma naiona inafaa pale penye watumiaji wengi, ukuta wa zege, na uhakika wa kupata kamba nyingine ya waya ile ya kwanza itakapochoka. Nimeona katika shule moja mashine nzuri iliyogeuka kitundikio cha makoti kwa kukosa waya wa mita 3.

Palipo hatari

Mahali kapi inapotundikwa hubeba mara mbili ya mzigo. Dumu la kilo 20 huivuta kamba upande mmoja kwa kilo 20, na mkono huivuta upande wa pili kwa kilo 20, hivyo ndoano ya darini hubeba 40, na zaidi mchezaji akivuta kwa ghafla. Kenchi iliyoliwa na mchwa haitangazi hali yake mapema. Nami nisingetundika kapi mahali popote kabla ya watu wazima wawili kuning'inia hapo pamoja kwa muda, miguu ikiwa karibu na sakafu. Wala dumu lisipite juu ya kichwa au mguu wa mtu.

Mpira una hatari ya namna nyingine. Mkanda uliovutwa sentimita 80 hadi kufikia kilo 15 umehifadhi takriban juli 60 za nishati, sawa na jiwe la kilo 1 linaloanguka kutoka mita 6. Ukikatika au ukichomoka mlangoni, tuseme nusu tu ya nishati hiyo ikachukuliwa na kishikio cha gramu 100, kishikio kitaruka kwa kasi ya kama kilomita 88 kwa saa, na mara nyingi huelekea usoni, kwa kuwa uso ndio ulio upande wa mvutaji. Mwaka 2020, watu wengi walipofungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, madaktari wa macho wa Miami, Marekani, walipokea wagonjwa walioumizwa macho kwa njia hii. Mkanda ufungwe upande ambao mlango hujifunga unapovutwa, si upande unaofunguka; usielekezwe usoni; wala usivutwe zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu wake wa asili. Wapo pia watu ambao ngozi yao huwasha na kuvimba kwa kugusa mpira wa asili, na hao watafute ule wa viwandani.

Adui wa mpira ni jua, mafuta na gesi ya ozoni iliyomo hewani kwa kiasi kidogo. Ozoni hukata molekuli za mpira ulio katika hali ya kuvutwa, na kuacha nyufa ndogo zinazokingama na upande wa mvuto. Mkanda ulioachwa umetanuliwa kwenye msumari dirishani utachakaa upesi kuliko ule uliotumiwa kila siku na kukunjwa kabatini. Kabla ya kila zoezi uvute kidogo mbele ya mwanga na uutazame urefu wote, hasa karibu na vifundo na vishikio. Ukiona ufa unaoweza kushikwa na ukucha, mkanda huo ukatwe vipande vya kufungia miche.

Kamba ya waya huchakaa mahali inapojipinda kwenye kapi, na kapi ikiwa ndogo huchakaa haraka zaidi. Huko Tanga, Mombasa na Unguja hewa ya chumvi hukamilisha kazi hiyo kwa kutu chini ya ganda la plastiki, ambako jicho halifiki. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya waya mara moja kwa mwezi, mzigo ukiwa umeondolewa. Uzi mmoja wa chuma uliokatika utakinasa kitambaa, nao waya huo ubadilishwe wote, usifungwe fundo.